Nilimnyamazia Mtu Aliyenitandikia Kitanda

Mpendwa mshauri,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wote mnaoandaa ukurasa huu. U hali gani? Wiki ile uliyoandika kwamba koo linakusumbua nilikutaja katika sala zangu, natumaini sasa unameza bila maumivu. Mimi mwili ni mzima, Mungu ashukuriwe, ila moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana naomba msaada wako, nakusihi unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Mimi ni mama wa makamo, mjane, shule sikufika mbali, na kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa dobi katika hospitali moja kubwa, mashuka, mataulo, mapazia, mavazi ya chumba cha upasuaji, yote yanapita mikononi mwangu, na kazini hakuna anayekumbuka jina langu, wote wananiita Mama Pasi. Kitindamimba wangu amepata kazi kwa wakala wa safari, bado yuko kwenye miezi ya majaribio, na ofisi yao ilipobakiwa na vyumba viwili kwenye meli ya kitalii, safari ya siku saba, wakawauzia wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Akaja nyumbani akaniambia, "Mama, tangu nizaliwe sijawahi kukuona umekaa. Safari hii utakaa." Nililia, mshauri, maana ni kweli.

Basi tukapanda. Vyumba vyetu vilitazamana kwenye korido moja nyembamba yenye zulia, na mhudumu wetu wa vyumba alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, mpole, anatembea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, na bahati nzuri lugha yetu aliijua vizuri kwa sababu alilelewa na shangazi yake huku kwetu. Siku ya kwanza nilirudi chumbani nikakuta taulo limekunjwa likawa tembo, ana masikio na mkonga, amekaa juu ya mto ananitazama. Mimi niliyekunja mataulo miaka yote hiyo sijawahi kuona jambo kama lile, tangu hapo nikamwita Fundi Taulo, naye akacheka akalikubali jina.

Sasa mimi kuhudumiwa sijazoea. Asubuhi ya pili niliona aibu mtu mzima aje kunitandikia, nikatandika mwenyewe, kona zote nne nikazikunja kihospitali, nikapanga na mataulo. Fundi Taulo alipofungua mlango akasimama pale pale.

"Mama, nani ametandika?"

"Mimi, baba. Nimekupunguzia."

"Mama yangu, nimekukosea nini?" akasema huku anacheka, lakini macho hayakucheka sana. "Msimamizi wangu akipita akakuta kazi imekwisha saa hizi, ataniuliza mimi nilifanya nini humu. Nakuomba, vuruga."

Nikakivuruga kitanda kwa mikono yangu mwenyewe, mwanangu kasimama mlangoni anatukodolea macho. "Mama Pasi, umekuja kutalii au umekuja zamu?" Tulicheka wote watatu. Baadaye nilimfundisha Fundi Taulo namna ya kukunja shuka lenye mpira likae bapa, naye akanifundisha tembo, tukawa kama watu wa ofisi moja.

Siku ya tatu alinipa kadi ya maoni, kadogo, kana mistari minne na anwani ya kampuni nyuma. Alikuwa ameshaandika jina lake na namba ya korido yake. Akaniambia, tena kwa haya, "Mama, kama kazi yangu utaipenda, siku ya mwisho niandikie neno hapa. Huu ni mkataba wangu wa tatu na unaishia safari hii. Nikishuka nakaa nyumbani miezi miwili, halafu wanaangalia karatasi zetu, simu inapigwa au haipigwi." Akanieleza ana nyumba anayojenga, upande mmoja una bati na upande wa pili ameufunika turubai, na chini ya upande wa turubai ndipo mama yake analala na wajukuu. Nikamwahidi. Kadi nikaiweka ndani ya kitabu changu cha sala ili isipotee.

Sasa naja kwenye dhambi yangu. Siku ya nne nilimwona mwanangu anapitia karatasi ya malipo nikamuuliza mstari huu ni wa nini, akasema hiyo ni bakshishi ya wafanyakazi, ililipwa kabla hatujapanda, wanagawana wenyewe. Nikamuuliza, inamfikia Fundi Taulo? Akasema inaingia kwenye fungu. Mshauri, neno hilo fungu lilinichoma, kwa sababu pale hospitalini kulikuwa na kisanduku cha shukrani mlangoni, jamaa za wagonjwa wanatia, na miaka yote ile sisi wa chumba cha kufulia hatukuonja hata sabuni iliyotoka mle. Nami nimefundishwa kwamba mtu akitoa atoe kwa moyo na kwa mkono, siyo kukatwa kama kodi kabla hajamjua anayempa. Nikasema nataka iondolewe, nitampa mwenyewe mkononi. Mwanangu akasema, "Mama, iache, ndivyo wanavyofanya." Nikang'ang'ania. Unajua mama akishasema.

Siku ya tano tukaenda mapokezi, foleni nyuma yetu ndefu, binti wa pale anaongea lugha ya melini ambayo mimi siijui, mwanangu akazungumza naye, akajaza karatasi, akanisogezea nisaini kwa sababu bakshishi ya chumba changu ilikuwa kwa jina langu. Nikasaini. Sikuuliza imeandikwa nini. Zilipotoka fedha nikazitia kwenye bahasha, nikaongeza na zangu kidogo, na siku mbili nilikuwa natembea mle melini na furaha kama mtoto aliyeficha zawadi.

Asubuhi ya saba watu wanashuka, mabegi yamejaa korido, nikamwita Fundi Taulo nikampa bahasha kwa mikono miwili. Hakuipokea. Uso ulikuwa umebadilika tangu alipoingia.

"Mama, ni wewe uliyeondoa ile ya kulipia kabla?"

"Ndiyo, baba, ili hii ifike kwako."

"Mama, ile inafika. Inafika kwangu, na kwa wa jikoni, na kwa madobi walioko chini kabisa ya meli, wale ambao abiria hawawaoni. Abiria akiiondoa, chochote anachonipa mkononi lazima nikikabidhi kikagawanywe." Akashusha sauti. "Lakini si hilo, Mama. Jina langu limebandikwa kwenye ubao wa wafanyakazi. Wameandika kwamba uliiondoa kwa sababu huduma haikukuridhisha. Kama nilikosea niambie tu. Nilikosea wapi?"

Madobi, mshauri. Nilikuwa nimewanyang'anya madobi. Nikamgeukia mwanangu, naye anafunga zipu ya begi iliyokwisha kufungwa. Kumbe pale mapokezi binti alitaka sababu, na sababu ya kwamba tutampa mkononi haikuwamo kwenye orodha, na kuandika sababu nyingine kungeleta mkubwa wa kutuhoji, basi mwanangu akachagua ile inayopita haraka. Aliniambia baadaye, "Mama, nilidhani ni karatasi tu, hakuna anayeisoma."

Kabla sijafungua mdomo akatokea msimamizi, mtu mrefu ana orodha mkononi. Lugha yangu haijui. Akasema maneno kumwambia Fundi Taulo, na Fundi Taulo ndiye aliyetakiwa kunitafsiria, akasimama wima, akasema taratibu, "Anauliza kama ni kweli kazi yangu haikukuridhisha."

Nilimtazama mwanangu. Alitikisa kichwa kidogo sana, hivi tu. Nikakumbuka majaribio yake, kwamba tiketi zetu ni za ofisi yake, kwamba nikisema karatasi ile ni ya uongo wataulizana nani aliijaza, naye ndiye mtoto wangu wa mwisho na marehemu baba yake alimwacha hajaota meno. Nikasema, "Mwambie tunachelewa kushuka."

Akatafsiri hivyo hivyo, mshauri. Hakujiongezea hata neno la kujitetea. Msimamizi akaandika kitu, akaipokea bahasha, akaenda. Fundi Taulo akanibebea begi mpaka kwenye lifti, akaniambia, "Safari njema, Mama."

Leo ni wiki ya tano. Nimefunga siku kumi na mbili, nimetoa sadaka, nimewaombea yeye na mama yake, lakini kila nikifungua kitabu cha sala kadi inaniangukia mapajani, haina kitu isipokuwa namba ya korido na jina lake, ambalo gazetini sitaliandika. Wenzangu kazini wananiambia, "Mama Pasi, tuonyeshe yule tembo," nawaambia nimesahau anavyokunjwa. Mwanangu anasema, "Mama, meli imeshaondoka, unataka na mimi nifukuzwe ndio uridhike?" Amebakiza mwezi mmoja kuthibitishwa. Nikiiandika kadi naogopa nitamwangusha wangu, nisipoiandika nimemwangusha wa mwenzangu. Nimewaza nitafute njia ya kumtumia Fundi Taulo fedha kimya kimya, japo za mabati ya upande uliobaki. Je, hiyo haitatosha mbele ya Mungu?

Naomba unijibu upesi, tafadhali, siku zinakwenda.

Mama Pasi

JIBU

Mama Pasi, koo limepona, ahsante kwa sala. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, na nimekukasirikia kidogo tu, kwa hiyo kaa tuzungumze.

Kwanza nikutue mzigo usiokuhusu. Bahasha uliyotoa ilichukuliwa na msimamizi, ikaingia kwenye fungu, kwa hiyo madobi wa chini wamepata chao, tena na nyongeza yako. Habari ya fedha imekwisha. Acha kufunga kwa ajili yake, mwili wa dobi unahitaji chakula. Ulikosea kwa sababu uliipima meli kwa kisanduku cha hospitali yenu, na aliyewahi kudhulumiwa kama wewe namwelewa akiogopa kisanduku. Ila mwanao alikwambia uiache, hukusikia. Na wasomaji wengine mnaofikiria safari kama hizo, jifunzeni kwa mama huyu: bakshishi mliyolipia kabla iacheni ilipo. Moyo ukiwasukuma kumpa mtu mkononi, ongezeni juu yake, msibomoe ya wengi ili mjenge ya mmoja.

Sasa tuje kwenye barua yako. Umeniandikia kwa kirefu habari ya bakshishi ukaiita dhambi yako. Mahali ulipoulizwa swali la wazi ukasema mnachelewa kushuka, hapo umepapitia mbio. Mama, dhambi yako iko hapo ulipopita mbio. Kuiondoa bakshishi kulikuwa kosa la mtu mwema asiyeuliza. Uliponyamaza ulijua unachofanya, na ulimfanya mtu mwingine autamke unyamavu wako kwa mdomo wake mwenyewe. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu naona unatafuta mahali pengine pa kuungama.

Hizo fedha za mabati, usitume. Utapata wapi anwani yake, na ukiipata utamwandikia nini? Atazipokea hajui ni za nini, au atajua, na akijua ataona umemlipa anyamaze. Yeye hakukuomba mabati. Alikuomba mistari minne.

Kuhusu mwanao, nakuelewa, nami ni mama. Lakini ulilelea wapi mtoto asiyeweza kusema "nilikosea" mbele ya mkubwa wake? Sidhani ni huyo unayenieleza. Huyu aliyesema hajawahi kukuona umekaa ana moyo. Mwite leo, umpikie, ale ashibe, halafu umwambie, humuombi ruhusa, unamwarifu. Kwenye kadi usiandike jina lake, saini ni yako na kosa la kusaini usichokijua ni lako. Lakini usidanganye kwa ajili yake tena. Na yeye kesho yake asubuhi, kabla kadi haijafika kokote, aingie kwa mkuu wake kwa miguu yake mwenyewe aeleze alichojaza na kwa nini. Siwezi kukuahidi kwamba hatapata onyo, na siwezi kukuahidi kwamba atathibitishwa. Ninachojua ni kwamba anayejisema huwa anasikilizwa tofauti na anayegunduliwa. Na akipoteza, ana mama mwenye kazi, ana shule kichwani, na hana turubai juu ya wajukuu. Pima mwenyewe nani anaweza kuanguka akainuka.

Kwenye kadi andika hivi, usiongeze pambo: "Nilisaini kwamba huduma haikuniridhisha. Si kweli. Mhudumu huyu alifanya kazi yake vizuri kila siku. Msimamizi aliponiuliza, nilinyamaza kwa woga." Weka jina lako, tarehe za safari na namba ya chumba. Mwanao, ambaye lugha ya melini anaijua, aitafsiri chini yake kwa mkono wake, hiyo ndiyo itakuwa sehemu yake ya toba. Kadi ya posta ni ya polepole na wewe umeshapoteza wiki tano kati ya nane, kwa hiyo aipige picha aitume siku hiyo hiyo kwa kampuni kupitia ofisi yake, wanajua pa kupeleka. Siku tatu zikipita kimya, apige simu aulize imefika kwa nani. Halafu apige tena.

Huenda simu ya Fundi Taulo ikapigwa, huenda isipigwe. Hilo haliko mikononi mwako, na usiliweke sharti la kuandika.

Na ukirudi kazini, wenzako wakikuomba tembo, mkunje. Wakikuuliza umefundishwa na nani, waambie.

Umeniomba nikujibu upesi, nami nimekujibu, umesubiri siku nne tu. Kuna mtu alikuuliza swali wiki tano zilizopita, amesimama mlangoni, mabegi yamejaa korido: nilikosea wapi? Mpaka leo hujamjibu. Funga gazeti hili, toa kadi kwenye kitabu cha sala, umjibu.